Kinywa cha Mgeni

Septemba 9, 1997

Upepo wa baharini, siku ya tatu. Kuta zinatoka jasho, chumvi imegandamana koponi, na Noélie amefunga madirisha yote kana kwamba unyevu ni mgeni anayeweza kukataliwa mlangoni.

Wakati wa chakula cha mchana Régis alisema jambo ambalo amekuwa akilizunguka tangu Pasaka.

"Mjomba, mizabibu ya karinyani kule Kilimani tuing'oe."

Fernand alikuwa anakata mkate huku ameushikilia kifuani, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Hakuacha kukata. "Endelea."

"Imezeeka. Inatoa vishada kwa shingo upande, kama bahili anayetoa sadaka. Mashine haiwezi kupanda kule, kila kitu ni mkono. Na wateja siku hizi wanataka mvinyo laini."

"Wateja wanataka mvinyo wa bei rahisi. Ulaini wanauomba wakishalipa."

"Chupa tunauza faranga kumi na nane, mjomba. Huwezi kuchuma kwa mkono mvinyo wa faranga kumi na nane."

Noélie, ambaye ni dada wa mmoja na mama wa mwingine, alitua bakuli katikati yao. "Baba alikipanda kilima kile aliporudi kutoka Vita vya Kwanza. Kabla ya kung'oa chochote, Anselmo ataonja. Ndivyo ilivyo katika nyumba hii."

Wote watatu wakanitazama, nami nilikuwa nimejaza mdomo maharage.

Ndivyo ilivyo kweli. Marehemu mzee Cazalbou aliwaachia watoto wake mashamba mawili: Fernand alipata Kilima na karinyani yake, Noélie akapata grenashi iliyo kando ya kijito. Baadaye Régis akapanda sira kwenye tambarare. Mvinyo wao mwekundu ni mchanganyiko wa zabibu hizo tatu, na kila mtu humsifu mwanawe. Ili ndugu wasichinjane kila Desemba, mzee aliweka sharti: kiasi cha kila zabibu kitachaguliwa na kinywa cha mtu asiye na hata mzabibu mmoja kijijini. Wa kwanza alikuwa mkuu wa stesheni ya treni. Alipofariki, wakanichukua mimi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji cha Carcassonne, Mhispania aliyekuja kila vuli kuchuma zabibu kwa likizo yake na kupanga chumba juu ya banda lao. Sasa nimestaafu, chumba ni kilekile, na shamba bado sina.

Wamekubaliana hivi. Mchanganyiko nitakaouchagua Desemba ukiwa na karinyani ya Kilimani, mizabibu ile itabaki. Usipokuwa nayo, tingatinga litapanda Januari.

Fernand alisema "Haya" upesi mno, kama mtu anayejibu salamu. Sikumwelewa. Nimemjua zaidi ya miaka thelathini, na hata kukubali kwamba mvua inanyesha humchukua muda.

Septemba 10

Upepo wa baharini. Hakuna jipya.

Septemba 17

Sersi imeanza alfajiri, ule upepo mkavu unaotoka upande wa Toulouse na kugonga mabati. Kichwa changu kimepungua uzito. Mashine imevuna sira yote ya Régis kabla ya mchana. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyeimba, na hakuna aliyekatwa kidole. Régis alifurahi. Mimi nilisimama kando ya njia na kapu langu la mgongoni kama mtu aliyefika harusini siku isiyo yake.

Septemba 26

Grenashi imeingia. Noélie aliketi juu ya trela pamoja na zabibu zake mpaka ghalani, miguu ikining'inia. "Tazameni malkia," akasema Fernand, "anasindikiza mahari yake." Kisha akanigeukia: "Shemeji, hutaki kupanda naye?" Ananiita shemeji tangu mume wa Noélie alipozikwa, kila mwaka wakati wa mavuno, mbele za watu. Noélie hucheka. Mimi hutafuta kitu cha kuokota chini.

Oktoba 3

Kilimani, siku ya pili. Mgongo hautaki nikae wala nisimame, kwa hiyo naandika nimeegemea kabati.

Mizabibu ya karinyani kule haina waya wala nguzo. Kila mmoja umesimama peke yake juu ya mawe, mnene kama paja, mikono imeinuliwa. Wanasema asili yake ni kwetu Aragon, kwamba ilivuka milima zamani sana ikafika huku, ikabadilishwa jina. Mimi nilivuka milima hiyohiyo nikiwa na miaka minane, Februari ya theluji, nimeshika koti la mama. Fernand hupenda kutuita, mizabibu ile na mimi, Wahispania wake. "Wahispania wangu wamegoma mwaka huu," alisema leo akitazama vishada vichache ndani ya ndoo. "Mmoja hatoi zabibu, mwingine hatoi maneno."

Kuna jambo limenitatiza. Fernand, ambaye siku zote huongoza safu, leo alituambia tutangulie. Nilipogeuka nilimwona ameketi mwisho wa safu, mkono juu ya shina.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Napumzisha mti."

"Mti umechoka?"

"Wewe ungekuwa na umri wake usingechoka?"

Régis alikuja akampokea ndoo, na Fernand akamwacha aichukue. Fernand hajawahi kumwachia mtu ndoo yake. Mkasi wake wa kupogolea ndio kabisa. Kila majira ya baridi hukipogoa kilima kizima peke yake, kuanzia siku ya Mtakatifu Katarina, na mtu akijitolea kumsaidia humwambia kwamba mizabibu hiyo haipendi kunyolewa na vinyozi wawili.

Karinyani imewekwa katika tangi dogo la saruji, lile la pembeni. Halikujaa hadi juu.

Oktoba 5

Jumapili. Nimelala.

Oktoba 12

Supu ya Noélie leo haikuwa na chumvi. Hata chembe.

Nilionja, nikasubiri mtu aseme. Fernand akala. Régis akala, akaongeza. Noélie mwenyewe akala akiongea habari za mazishi kule Ventenac. Nilitazama kopo la chumvi lililokuwa karibu na mkono wa Régis. Hakuna aliyeligusa. Basi nami nikala yote, nikafuta bakuli kwa mkate, na nikapanda chumbani nikiwa na wazo ambalo sikulipenda: kwamba chumvi ilikuwamo.

Nilikunywa kahawa. Ilikuwa chungu. Lakini uchungu wa kahawa nilioujua ni huu? Nilijaribu kukumbuka kahawa ya jana nikashindwa. Mtu hukumbuka kwamba alikunywa, hakumbuki ladha.

Oktoba 21

Upepo wa baharini tena. Matangi yananguruma polepole. Ghala zima linanuka mkate na salfa.

Novemba 1

Tumepeleka maua makaburini. Noélie ana wafu wengi, alihitaji mikono miwili zaidi, ndiyo maana nilienda. Wangu wametawanyika: mama yuko Perpignan, baba hakuna ajuaye, na wengine wamebaki Barbastro chini ya mawe ambayo sijawahi kuyaona. Zamani nilikuwa nakikumbuka vizuri kilima cha nyumbani, zizi, na kiriba cha mvinyo cha babu. Sasa sijui kama nakikumbuka kilima au nakumbuka nilivyokuwa nikikisimulia.

Novemba 8

Nimeonja karinyani moja kwa moja kutoka tangini. Haina kitu. Ni maji yenye rangi.

Novemba 15

Nimeonja tena. Misumari. Ulimi ulikauka mpaka nikashindwa kumeza mate. Tangi ni lilelile, bomba ni lilelile, na glasi nilikuja nayo mwenyewe.

Nilimwuliza Régis kama ameuhamisha mvinyo ule.

"Mzee Anselmo, nani anahamisha mvinyo kwa upepo huu wa baharini? Tukiuchokoza sasa hautatulia mpaka Pasaka."

"Na wiki iliyopita upepo ulikuwa gani?"

Akafikiri. "Huuhuu."

Basi si upepo. Maisha yangu yote nimelipwa kuona herufi moja iliyokosewa katika ukurasa mzima. Leo sijui kama kosa liko kwenye ukurasa au kwenye miwani.

Novemba 25

Mtakatifu Katarina. Sersi kali, mbingu safi, siku nzuri ya kupogoa kuliko zote. Fernand ameshinda jikoni akitengeneza saa ya ukutani ambayo haikuharibika.

Watu wamekuja na madumu yao kama kila Jumanne. Mwashi kutoka Olonzac alijaza mawili. Régis alimshikia mpira wa kujazia kama mtu wa kituo cha mafuta. "Wa mwaka huu lini?" mwashi akauliza. "Ule mchanganyiko wenu ndio pekee unaokaa na soseji bila kugombana."

"Mwulize huyu," akasema Régis akinionyesha. "Yeye ndiye hakimu."

Mwashi akanivulia kofia. Nilitamani aondoke haraka.

Desemba 2

Kuonja kwa kwanza. Sersi. Tumbo tupu, asubuhi, mezani ghalani, kama ilivyo desturi. Régis alikuwa ameandaa majagi matatu ya bati jeupe: moja lina karinyani nyingi, kama mvinyo wetu wa miaka yote, la pili lina kidogo, la tatu halina kabisa. Anayemimina ni mkubwa wa nyumba, kwa hiyo Fernand alimimina akiwa amenipa mgongo, akaziweka glasi zenye namba za chaki. Zoezi hurudiwa asubuhi tatu. Mchanganyiko unaochaguliwa mara mbili ndio unaoshinda.

Nilichagua glasi ya kwanza. Fernand alipotazama alama zilizo chini ya majagi na kumnong'oneza Régis ni ipi, uso wake ulibadilika. Noélie alitabasamu, nikaelewa ilikuwa ile yenye kilima. Lakini kwa nini Fernand hakufurahi? Kilima ni chake.

Desemba 9

Kuonja kwa pili. Sersi, dhaifu kidogo. Safari hii Fernand aliwahi ghalani kabla yetu, akaandaa majagi mwenyewe.

Leo nilifanya kazi nzuri, nadhani. Nilienda polepole. Glasi ya kwanza nilisema ina ukali wa ganda la jozi, na inaishia ghafla, kama sentensi iliyokatwa na mhariri. Ya pili ni ya mviringo, ya upole, ina plamu zilizoiva, lakini haina mifupa. Ya tatu ina moshi kidogo, na kina, na inabaki kinywani. Nikachagua ya tatu.

Noélie alisema nimeongea kama kitabu. Régis aliandika namba ukutani kwa chaki. Fernand alikohoa, akatangaza kwamba safari hii nimechagua ule usio na karinyani. Kisha akatoka nje.

Kwa hiyo ni sare. Kuonja kwa tatu ndiko kutakakoamua. Na mimi nimejikanusha ndani ya wiki moja, kwa maneno mazuri.

Desemba 10

Upepo wa baharini.

Desemba 11

Noélie alipanda ngazi za chumba changu, jambo asilolifanya. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Anselmo, nilitaka kunyamaza, lakini siwezi. Juzi majagi mawili yalikuwa makavu."

"Majagi gani?"

"Ya kuonjea. Niliyaosha mimi. Moja lilikuwa na mvinyo, mawili hayakuguswa kabisa. Mtu hawezi kuosha kitu kikavu asijue."

Nilikaa kitandani. Yeye akabaki amesimama.

"Kwa hiyo glasi zote tatu..."

"Zilikuwa za jagi moja. Na aliyemimina ni kaka."

Nikawaza ganda la jozi. Nikawaza plamu, na moshi. Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikufika.

"Niliona vitu vitatu, Noélie. Nilivionja."

"Ulivisema vizuri sana."

"Hilo ndilo baya."

Akaketi, hatimaye, kwenye kiti changu cha kusomea. Nikamwuliza swali ambalo limenikaa tangu Oktoba: siku ile ya supu, chumvi ilikuwamo?

"Supu gani? Ile ya siku ya habari za Ventenac?" Akajishika shavu. "Ilikuwa chukuchuku. Nilisahau. Nilikuwa naona haya, nikashukuru kwamba hamkutambua."

"Nilitambua. Nilidhani ni mimi."

"Régis naye aliniambia baadaye alinyamaza asiniumize."

Tukatazamana. Watu wanne mezani, chumvi iko kwenye kopo, na kila mmoja anameza maji moto kwa adabu.

"Mara ya tatu," akasema akiinuka, "sema kweli tu. Kilima ni cha baba."

Ningefurahi kujua kweli hiyo inakaa wapi. Ikiwa ninaweza kupata aina tatu za mvinyo katika jagi moja, nilipata nini miaka yote hii? Na kama sikupata kitu, mbona mvinyo ulikuwa mzuri?

Desemba 13

Nimepanda Kilimani kwa miguu. Gari la Fernand lilikuwa limeegeshwa juu, mlango wazi, naye ameketi ndani akitazama mizabibu yake. Matawi ya mwaka huu yote yako palepale, marefu, hayajakatwa hata moja.

"Umekuja kuangalia nini, shemeji?"

"Nywele zisizonyolewa."

"Nimnyoe anayesubiri hukumu?"

"Hukumu ya nani?"

"Yako."

"Jumanne ulinipa jagi moja, Fernand."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakohoa. "Moshi," akasema akijifuta macho. "Ulisema moshi. Nilitaka kukukumbatia."

"Ulimimina usio na karinyani kwenye glasi zote, ili nikichagua yoyote niwe nimeikataa."

"Mhispania si mjinga."

"Lakini shamba ni lako. Unataka nikukatie shamba lako mwenyewe?"

Alitaka kushuka garini. Akaugeuza mwili, akashika mguu wa kulia kwa mikono yote miwili, chini ya goti, akautoa nje kama mtu anayetoa gunia. Kisha wa kushoto. Halafu akabaki ameketi hivyo, miguu nje, akihema.

"Baba aliipanda hii akiwa na kipande cha bomu begani," akasema. "Alibeba maji kutoka kijitoni. Mimi nitawaambia watu nini? Magoti?" Akakwaruza tope kwenye kiatu. "Ikisemwa na mtu asiye na shamba, imesemwa na hewa. Hakuna Cazalbou aliyeing'oa."

Niliteremka peke yangu. Dada anataka niseme kweli ili kilima kibaki. Kaka anataka niseme uongo ili kiondoke, na uongo wake unaweza kuwa ndio kweli. Nimeyapanga maneno haya mara kadhaa, hayakai sawa.

Desemba 14 hadi 20

Upepo wa baharini. Ukungu hadi dirishani. Hakuna anayeonja, hakuna anayehamisha mvinyo, hakuna anayezungumza isipokuwa kuulizana kama upepo utageuka. Régis anatazama kipimahewa kila akipita. Fernand anatengeneza saa.

Desemba 21

Alasiri bati la banda limegonga mara moja. Sote tuliinua vichwa.

Desemba 22

Sersi, kavu na kali. Milima inaonekana mpaka theluji yake.

Tulikusanyika ghalani. Fernand aliponyosha mkono kuchukua jagi, Noélie alisema, "Leo amimine Régis."

"Mkubwa wa nyumba ni mimi."

"Mkubwa wa nyumba akae. Baridi ni kali."

Fernand alinitazama, nami nikatazama meza. Akakaa.

Régis alimimina, glasi tatu, chaki tatu. Nilichukua ya kwanza. Nilisikia mvinyo. Nilichukua ya pili. Nilisikia mvinyo. Maneno yalikuja, mengi, yamejipanga mlangoni kama watu wenye madumu: jozi, plamu, ngozi, moshi. Kila nililolitazama lilikuwa tayari kunitumikia. Sikuliamini hata moja. Nikaonja ya tatu. Nikarudia zote. Upepo ulikuwa unagonga bati, na watu watatu wakinitazama koo.

"Sijui," nikasema.

Régis alidhani hajasikia. "Hujui ipi, mzee?"

"Sijui yoyote. Hizi ni glasi tatu za mvinyo mwekundu. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi taja namba tu. Tumalize."

"Kutaja namba tu ndiko nilikofanya mara iliyopita."

Katika miaka yote ya desturi hii kinywa cha mgeni hakijawahi kusema neno hilo, hata mkuu wa stesheni aliyekuwa na mafua daima. Régis alimwangalia mama yake. Noélie alimwangalia kaka yake.

"Kaka, basi sema wewe."

"Mimi ni mwenye shamba. Sina kinywa."

"Leo hakuna kingine."

Fernand alitazama mikono yake. Alipoanza aliongea na meza. "Magoti yamekwisha," akasema. "Mwaka jana nilimaliza kupogoa nikitambaa. Mlidhani nimechafua suruali kwa uzembe. Katarina imepita na sijakata hata kitawi. Iondoeni. Mimi nimesema. Iondoeni."

Nilitarajia Régis atafurahi. Aliweka jagi chini kwa nguvu mpaka likaruka.

"Na mbona hukusema Septemba, mjomba?"

"Wewe ndiye uliyeanza habari za kung'oa."

"Niliona unavyopanda ngazi! Nikatafuta sababu isiyokuaibisha. Mashine, wateja, ulaini. Wewe unadhani mimi napenda mvinyo laini?"

Fernand aliinua uso. "Hupendi?"

"Sira yangu peke yake ni kama kunywa jemu. Ningekipogoa mimi kilima chako, lakini hukunipa mkasi."

"Hukuuomba."

"Unalala nao, mjomba."

"Silali nao. Uko kwenye droo."

"Droo ya kitandani," akasema Noélie.

Hakuna aliyecheka. Neno la kung'oa lilikuwa limeshasemwa, na hawa ni watu ambao neno likishatoka hulisimamia kwa sababu ni gumu kulirudisha. Tingatinga litakuja Januari. Fernand alitoka akishika ukuta. Glasi zangu zilibaki mezani, zimejaa nusu, na nikatambua kwamba hakuna atakayenihitaji tena kwa kazi hiyo. Niliona ahueni. Niliona pia kitu kingine ambacho bado sijakipatia jina.

Siku hiyohiyo, baada ya chakula cha jioni

Lazima niliongeze hili.

Noélie hatupi kitu. Mvinyo wa majagi mawili alikuwa ameurudisha tangini, jagi moja akalileta mezani. Supu ilikuwa ya kabichi na mfupa wa nguruwe, yenye chumvi. Ilipobaki kidogo chini ya bakuli nilifanya wanachofanya wote hapa, nilichofanya mimi tangu nilipofika: nikamimina mvinyo ndani ya mabaki ya supu moto, nikazungusha, nikainua bakuli kwa mikono miwili nikanywa. Nilikuwa nafikiria gharama ya kuni.

Ikaja yenyewe. Haikuja na maneno. Ilikuwa kamba ngumu katikati ya mafuta na utamu, ikivuta kila kitu mahali pake, na baada yake mawe, joto la mawe yale ya Oktoba kwenye viganja.

"Kilima kiko humu," nikasema.

Vijiko vilisimama.

"Asubuhi ulisema hujui," akasema Régis.

"Asubuhi nilikuwa sijui."

Aliinuka, akachukua jagi, akaangalia alama chini yake. Akaketi. "Sehemu mbili kati ya tano ni karinyani," akamwambia mjomba wake. "Ule wa miaka yote."

Fernand alivuta jagi kwake, akamimina kwenye bakuli lake, akazungusha. Alikunywa mpaka mwisho, uso umefichwa ndani ya bakuli, na akakaa humo muda mrefu kuliko supu iliyobaki.

"Sasa ndiyo unasema," akaniambia alipotoka humo.

Desemba 25

Bata, kisha usingizi.

Januari 6, 1998

Noélie ananiuliza kama nimeiona aproni yake ya bluu. Sijaiona.

Januari 8

Nimeiona. Iko Kilimani. Imechanwa vipande vipande, na kila kipande kimefungwa kwenye mzabibu wa mwanzo wa safu, kule juu ambako mawe ni meupe. Safu za chini hazina kitu. Fernand alikuwa garini, mlango wazi, buti zake zina tope hadi juu. Sijui alipandaje. Sikumwuliza.

"Zenye kitambaa zibaki," akasema. "Mwambie mwenye tingatinga."

"Mwambie wewe."

Akanitazama kwa hasira. Kisha akapiga honi kumwita Régis.

Januari 14

Tingatinga limefanya kazi asubuhi yote. Mizizi hutoka na sauti kama kitambaa kinachoraruliwa. Noélie hakutaka kuja. Mashina yamerundikwa kando ya njia. Kwa kuchomea soseji hakuna kuni nzuri kuliko hizo, na mwashi wa Olonzac ameshaomba mzigo. Nimechukua shina moja nikaliweka chumbani karibu na vitabu. Linanuka udongo. Sijui nitalifanyia nini.

Januari 19

Sersi. Fernand ameketi kwenye kiti cha kukunja Kilimani, mwisho wa safu zilizobaki, blanketi magotini. Mkasi uko mkononi mwa Régis. Alipewa asubuhi jikoni, bila hotuba, pamoja na kikombe cha kahawa.

"Acha macho mawili kwenye tawi, yachipue," Fernand akasema.

"Nimeacha mawili."

"Hayo matatu."

"Mjomba, hesabu. Moja. Mawili."

"Na lile la chini?"

"Lile ni kovu."

"Nakwambia ni jicho. Mhispania! Wewe huna shamba. Njoo uangalie. Ni mawili au matatu?"

Niliinama, nikavaa miwani, nikalitazama tawi kwa makini. Yalikuwa mawili.

Nikasema sijui. Wakabishana mpaka Noélie alipotuita kula.